Maserati ya Amin: Gari Moja, Majina Mawili

Katika riwaya ya Giles Foden iitwayo The Last King of Scotland, iliyotoka mwaka 1998, daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, anaitwa barabarani kumtibu mtu aliyepatwa na ajali. Mtu huyo ni Rais Idi Amin Dada wa Uganda, ambaye Maserati yake nyekundu imemgonga ng'ombe. Kisa cha ng'ombe kiliingia pia katika filamu ya Kevin Macdonald ya mwaka 2006, iliyopigwa Uganda kwenyewe na kumpatia Forest Whitaker, aliyeigiza Amin, tuzo ya Oscar. Msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba Amin alijivunia gari la mbio la Italia. Je, ni kweli?

Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo makala haya yanakusudia kulifuatilia, kwani njia ya kumtambua mwenye jina na asiye nalo ni moja, iwe tunazungumzia magari au watu. Na watu wa Arua na Koboko wanaijua vyema hasara ya utambuzi mbovu.

Tuanze kwa kutenga hadithi na tukio. Garrigan ni mhusika wa kubuniwa, na ng'ombe yule ni wa riwaya. Gari lakini lina asili yake. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake wa wakuu mjini Kampala. Siku hizo Amin, aliyependa sana magari ya mwendo wa kasi, aliingia mwenyewe katika mashindano ya magari, mkewe Sarah akiwa kando yake. Gari aliloliendesha lilikuwa Citroën SM, na Citroën ni kiwanda cha Ufaransa.

Jina la Maserati limetoka wapi, basi? Limetoka chini ya boneti. Mwaka 1968 Citroën ilipata mamlaka juu ya kiwanda cha Maserati cha mjini Modena, ikakiagiza kiitengenezee injini ya silinda sita. Gari lilionyeshwa Geneva mwaka 1970. Bodi yake ilichorwa na Mfaransa Robert Opron. Badala ya springi za chuma lilibebwa na mafuta na gesi vyenye msukumo, hata likiwashwa liliinuka taratibu kama ngamia aliyeamshwa. Lilikuwa na taa sita za mbele, mbili kati yake zikigeuka kuufuata usukani. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Moroko. Yalitengenezwa magari yasiyofika 13,000, na mwaka 1975 kazi ikakoma. Kwa hiyo anayetaka kulitambua katika picha asilitafute kwa alama ya mkuki wa meno matatu, ambayo ndiyo nembo ya Maserati. Alitambue kwa taa zake, kwa mkia wake mwembamba, na kwa magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa nusu na bodi.

Walimu wa lugha hawatashangaa kuona sehemu ikichukua nafasi ya kizima. Husema mshairi "jembe" akamaanisha mkulima, au "bunduki" akamaanisha jeshi. Watu waliita gari hilo Citroën-Maserati. Ulimi ukapunguza, likabaki Maserati. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kuchagua jina lililo tamu zaidi, na rangi nyekundu ikalikamilisha. Kosa huanza pale hadithi inapochukuliwa kuwa shahada.

Filamu nazo hazilingani uzito. Ile ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 inamwonyesha Amin mwenyewe, wala si mwigizaji. Lakini Amin ndiye aliyepanga mengi ya kuonyeshwa, na baadaye aliwashikilia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vipande asivyovipenda vikakatwa. Ile ya Sharad Patel ya mwaka 1981, ambamo Joseph Olita alimwigiza Amin, ilitengenezwa baada ya utawala kuanguka, wakati hasira ilipokuwa bado mbichi. Kila moja yapasa iulizwe: imetengenezwa na nani, lini, na kwa idhini ya nani?

Kwamba gari laweza kufanywa sura ya mtu, askari wa Israeli walilijua. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 walitua Entebbe wakiwa na Mercedes iliyopakwa rangi nyeusi, ili walinzi wadhani ni msafara wa Rais. Inasimuliwa kwamba hila hiyo iliharibika kwa sababu Amin alikuwa amekwisha kuhamia Mercedes nyeupe. Kufikia mwisho wa mwaka 1977 kisa hicho kilikuwa kimetengenezewa filamu tatu, na Mercedes nyeusi ikawa maarufu kuliko ile ya Amin mwenyewe.

Sasa tutazame Nile Magharibi. Baba yake Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko na mama yake Mlugbara. Ama mahali alipozaliwa, wengine husema Koboko na wengine Kampala. Tangu enzi za ukoloni sehemu hiyo iligeuzwa shamba la kuvunia vibarua na askari, na Amin mwenyewe aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946. Alipotwaa serikali mwaka 1971, askari wa kwao wakapandishwa. Alipoanguka mwaka 1979, kwao kote kukabebeshwa jina lake. Mwaka 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka na kushambulia, na jeshi la serikali mpya likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka kuingia Zaire na Sudan, wakaishi ukimbizini kwa miaka mingi.

Samaki mmoja akioza, wamesema wahenga, wote wameoza. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini Ombaci yatulazimu tuifundishe kwa tahadhari. Mkulima wa muhogo wa Koboko hakuwa serikali ya Kampala. Aliitwa kwa jina la sehemu moja ya kabila lake, kama gari la Ufaransa lilivyoitwa kwa jina la injini yake. Ila gari halikuumia.

Lugha yetu nayo ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na Waganda wengi waliosikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani wakakihesabu kuwa lugha ya mtutu. Katika masoko ya Arua na Koboko, mahali mipaka ya nchi tatu inapokaribiana, kimetumika kununulia na kuuzia pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili. Sheria imekisafisha jina. Masikio ya watu hukawia kuifuata.

Yafaa basi mwalimu anayetumia filamu hizi darasani awape wanafunzi kazi ya kulitafuta gari. Waliangalie lilivyo, waulize nani kalipa jina, walinganishe na picha za mwaka wenyewe. Wakishazoea kuuliza hivyo juu ya chuma, watakuwa tayari kuuliza vivyo hivyo pindi watakapoambiwa kwamba watu wa mahali fulani wote ni wamoja.