Skikrosi

Skikrosi ni mbio za skii ambamo washindani, kwa kawaida wanne, huteremka mlimani kwa pamoja wakigombea njia moja yenye matuta, miruko na kona zilizoinuliwa ukingo. Husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard (FIS), chini ya skii ya mtindo huru, ingawa hakuna majaji wa kutoa alama: anayewahi mstari ndiye mshindi.

Kwanza kila mmoja hukimbia peke yake dhidi ya saa. Muda huo humpangia nafasi katika mtoano, na mwenye nafasi bora huchagua kwanza geti la kuanzia. Wawili wa mbele husonga mbele. Walioshindwa nusu fainali hukutana katika fainali ndogo, na medali hugombewa katika fainali kubwa.

Kanuni ngumu kuliko zote ni ya mgusano. Kugongana kwa bahati mbaya huvumiliwa. Kusukuma, kuvuta au kumzibia mwenzako njia kwa makusudi huadhibiwa kwa kadi au kushushwa hadi nafasi ya mwisho. Mstari kati ya hayo ni mwembamba mno. Katika Olimpiki ya Beijing 2022, Fanny Smith wa Uswisi alimaliza wa tatu, akashushwa kwa kumgusa Daniela Maier wa Ujerumani, naye Maier akavishwa shaba. Rufaa zilifuata, na mwishowe wote wawili wakatambuliwa kuwa washindi wa shaba.

Mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 2010 huko Vancouver, ambako Michael Schmid wa Uswisi na Ashleigh McIvor wa Kanada walitwaa dhahabu.