Katanga: shule, ufundi na mahindi, miaka mia moja nyuma ya shaba

Kila mara gavana mpya anapoingia ofisini hapa Lubumbashi, raia husikia maneno matatu yaleyale: shule, kazi kwa vijana, na kilimo. Si maneno mabaya. Lakini yana historia ndefu, na kila utawala uliopita, wa Wabelgiji, wa Zaïre na wa leo, uliyashika kwa namna yake. Asiyejua historia hiyo atapiga makofi kwa jambo lisilodumu, au atamlaumu mtu kwa kosa lililoanza kabla hajazaliwa. Ndiyo maana leo, wasomaji wapenzi, tunarudi nyuma kidogo.

Shaba kwanza, chakula baadaye

Mwaka 1900 Wabelgiji waliunda Comité Spécial du Katanga ili kutawala eneo letu. Mwaka 1906 ikazaliwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1910 reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka uliofuata tanuru la kwanza lilianza kuyeyusha shaba.

Angalieni reli hiyo ilitoka wapi. Haikutoka Kinshasa wala bandari ya Congo. Ilitoka upande ambao leo unaitwa Zambia. Wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka upande huo, na unga wa kuwalisha ulipanda treni hiyohiyo. Kwa hiyo tangu siku za kwanza, mji wetu ulikula bukari ya mahindi yaliyolimwa upande wa pili wa mpaka. Magari tunayoyaona leo Kasumbalesa yamebeba mazoea yenye umri wa zaidi ya karne moja.

Wakoloni waliona hatari hiyo. Edmond Leplae, mkuu wa idara ya kilimo ya koloni, alileta wakulima kutoka Ubelgiji ili walime kando ya mji na kuulisha. Wengi wao walishindwa. Baadaye, mwaka 1917, sheria ya mazao ya lazima ilianza, na mwanakijiji alilazimishwa kulima kile ambacho serikali ilitaka. Katika miaka ya 1930 kazi hiyo iliwekewa siku 60 kwa mwaka. Kuna wazee ambao mpaka leo wakisikia neno « kampeni ya kilimo » wanakumbuka fimbo na faini ambazo baba zao waliwasimulia. Tukishangaa kwa nini kijana anadharau jembe, tukumbuke pia kwamba kwa babu yake jembe lilikuwa adhabu.

Reli ya BCK ilipofika Bukama mwaka 1918, kisha Port-Francqui, yaani Ilebo, mwaka 1928, mahindi ya Kasaï nayo yalianza kushuka kuelekea migodi. Mambo yalikuwa nafuu, lakini utaratibu haukubadilika: Katanga inachimba, wengine wanalima.

Shule za kuandaa wafanyakazi

Kwa upande wa masomo, kazi iliachiwa misheni. Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na Wabenediktini walishika shule nyingi, zikiwemo zile za kambi za Union Minière. Mtoto alifundishwa kusoma, kuhesabu, dini na kazi ya mikono: useremala, uashi, ufundi wa chuma, ushonaji. Tusidharau ufundi huo. Nyumba na mashine nyingi za Katanga zilijengwa na kutengenezwa na mikono iliyofundishwa hivyo.

Lakini mpaka uliwekwa. Mtoto wa mfanyakazi aliandaliwa kuwa mfanyakazi kama baba yake. Shule za serikali zisizo za misheni zilianza kufunguka kwa Wakongomani katikati ya miaka ya 1950, na chuo kikuu cha Élisabethville kilifunguliwa mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kiasi hiki.

Gécamines, baba na mama

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitaifisha Union Minière, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Watu wa Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi wanakumbuka vizuri. Kampuni ilikuwa na shule, hospitali, mashamba, na ilitoa unga kwa familia ya mfanyakazi kila mwezi. Wazee wengi waliizoea kama baba na mama.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha kukaja msiba. Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata maduka na viwanda viliporwa nchini kote. Katika miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasaï zilifukuzwa Katanga, na pamoja nazo walienda walimu na mafundi wengi. Ilipofika mwaka 1994, uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000.

Baba alipougua, nyumba nzima ililala njaa. Shule ya kampuni, unga wa kampuni na shamba la kampuni vilidhoofika pamoja. Hata katika shule za serikali mambo yaliharibika. Serikali ya Zaïre ilikuwa imezitaifisha shule mwaka 1974, kisha ikarudisha uongozi wake kwa makanisa mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu ulikuwa umekufa, na baada ya migomo mirefu wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kwa mifuko yao. Hapo ndipo ilipozaliwa ile tunayoiita « prime ». Ilianza kama msaada wa muda, ikadumu zaidi ya miaka 25.

Katika miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Watoto wao wengi ndio wale waliokwenda kuchimba kwa mikono katika machimbo. Hawakuenda kwa sababu ya uvivu wa kusoma. Mlango wa kampuni ulikuwa umefungwa, na hakuna mwingine uliofunguliwa.

Jimbo linapata mamlaka

Mabadiliko makubwa yaliandikwa katika Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya uchaguzi, lakini kuna vifungu vinavyotuhusu zaidi. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, nayo yakatwe papo hapo yanapokusanywa. Kifungu cha 204 kinayapa majimbo kazi ya kusimamia shule za msingi, za sekondari na za ufundi kwa kufuata kanuni za taifa, pamoja na kuandaa mipango ya kilimo.

Mwaka 2007 Katanga ilipata gavana wa kwanza aliyechaguliwa na bunge la jimbo chini ya Katiba hiyo, Moïse Katumbi. Alibaki mpaka mwezi wa tisa mwaka 2015. Wengine wanamsifu, wengine wanamkosoa, lakini katika historia ya kilimo yetu kuna agizo moja la utawala wake lisilosahaulika: kila kampuni ya madini ilitakiwa kulima hekta 500 za mahindi. Fikirini uzito wake. Aliyechimba aliambiwa alime pia.

Je, lilifanikiwa? Kwa sehemu. Kampuni kadhaa zililima na mahindi yalionekana. Lakini kampuni ya madini inajua miamba, haijui magugu. Kwa nyingi kati yao shamba lilikuwa kama kodi: ulilipe upate amani. Na agizo likitegemea nguvu ya aliyelitoa, nguvu hiyo ikiondoka nalo linalegea. Mkulima mdogo wa Kipushi, Kasenga au Kambove, ambaye angebaki shambani hata gavana akibadilika, hakuwa katikati ya mpango ule.

Kwa upande wa shule, utawala wa wakati ule ulitangaza ongezeko kubwa sana la watoto darasani, na madarasa mengi yalijengwa kweli. Ila mwalimu wa shule ya serikali hulipwa na Kinshasa, hata kama darasa limejengwa na jimbo. Jimbo likijenga shule mpya na Kinshasa isiandikishe walimu wake kwenye orodha ya mishahara, basi jengo lipo na mwalimu halipwi. Jambo hilo linatusumbua mpaka leo.

Jimbo moja lawa manne

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Madini mengi yakabaki Lualaba na Haut-Katanga. Mashamba makubwa ya kaskazini na samaki wa ziwa wakabaki upande mwingine. Kwa hiyo aliye na pesa na aliye na chakula sasa wana magavana tofauti, na barabara kati yao ni mbaya.

Mwaka 2018 Kanuni ya Madini ilirekebishwa. Katika ushuru wa madini unaoitwa redevance, asilimia 25 huenda kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini au sheferi ambako mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inayobaki, nusu nzima, ni ya serikali kuu. Kisha mwezi wa tisa mwaka 2019 elimu ya msingi bure ilianza kutekelezwa. Madarasa yalifurika. Ilikuwa furaha kwa wazazi na mzigo kwa walimu, kwa sababu prime iliondoka kabla walimu wote hawajaingia katika mshahara wa serikali.

Jirani ametuzidi nini?

Mwaka 2024 ukame mkali ulipiga Zambia, na rais wake Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa. Mwezi wa nane mwaka huohuo Zambia ilifunga mpaka wake nasi kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara. Kila jambo la namna hiyo likitokea, mama wa Lubumbashi hulijua haraka kwa bei ya mfuko wa kilo 25.

Lakini udongo wa upande ule si tofauti sana na wetu. Mvua ni ileile, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Tofauti iko katika kazi ya serikali. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 Zambia ina mpango wa kumpatia mkulima mdogo mbolea na mbegu kwa bei nafuu. Tangu miaka ya 1990 ina shirika la akiba ya chakula linalonunua mahindi ya mwanakijiji na kuyahifadhi. Mipango hiyo ina kasoro nyingi na Wazambia wenyewe huilalamikia. Hata hivyo marais wamebadilika mara kadhaa na mipango imebaki. Kwetu, akibadilika gavana mmoja, kila kitu kinaanza upya.

Tupime kwa nini?

Historia hii inatufundisha namna ya kupima maendeleo ya serikali ya jimbo. Tusipime kwa idadi ya trekta zilizopangwa mbele ya kamera, wala kwa utepe uliokatwa mbele ya shule. Tuulize maswali matatu.

La kwanza: mwezi wa pili, wakati ghala za vijiji zimekwisha na mahindi mapya bado mabichi, unga wa sokoni unatoka wapi? Ukitoka bado kusini, hatujasonga.

La pili: mwalimu wa shule mpya analipwa na nani, na tangu lini? Gavana anayejenga darasa anapaswa pia kupigania jina la mwalimu huko Kinshasa, pamoja na wabunge wetu.

La tatu: kijana anayemaliza ufundi, iwe kwa Wasalesiani katika Cité des Jeunes, katika INPP au katika shule ndogo ya mtaa, anaenda wapi kesho yake? Kampuni za madini zina magari, pampu na nyaya za umeme za kutengeneza kila siku. Mashamba nayo yanahitaji mafundi wa mashine za kusaga na za kumwagilia maji. Kama kijana huyo anaishia machimboni na koleo, basi tumemfundisha kazi moja na kumwachia nyingine.

Kwa miaka mia moja shule, ufundi na chakula vya Katanga vimetembea nyuma ya shaba kama mkia. Shaba ikisimama, navyo vinasimama. Shaba na kobalti zitakwisha siku moja, na shimo halipandwi mara mbili. Ila safari hii sheria inalipa jimbo sehemu yake ya pesa na mamlaka, jambo ambalo wazee wetu hawakuwa nalo. Kwa hiyo gavana, awe nani, hawezi tena kusema kwamba yote yako mikononi mwa mkoloni, Gécamines au Kinshasa peke yake. Na sisi raia tusisubiri uchaguzi ndipo tumuulize. Bajeti ya jimbo hupigiwa kura kila mwaka na wabunge wa jimbo tuliowachagua wenyewe. Muulizeni wenu ni sehemu gani ya redevance inakwenda shambani na shuleni, na mkipata jibu, mtuambie.