Kitabu cha Mashine na Masahihisho Yake

Msomaji, yamkini umewahi kufungua kitabu cha hesabu ukakuta baina ya kurasa kijikaratasi chembamba chenye kichwa "Masahihisho". Aghalabu wanafunzi hukitupa. Mimi nakuomba usikitupe, na sababu yangu utaiona katika historia fupi ya mashine ambayo huenda ipo shuleni kwako: kompyuta ndogo ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi.

Taabu ya masahihisho ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1821 huko Uingereza, vijana wawili waliosoma Cambridge, Charles Babbage na John Herschel, walikaa kulinganisha majedwali ya hesabu za nyota yaliyofanywa kwa mkono. Waliona makosa mengi mno hata Babbage akaanza kufikiri juu ya mashine ya kufanya kazi ile bila kuchoka. Wala hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa mabaharia walitafuta mahali walipo baharini kwa majedwali ya namna hiyo. Mwaka 1834 Dionysius Lardner, akieleza mashine ya Babbage, alisimulia kisa cha kuchekesha: kosa moja la majedwali ya logi lilisahihishwa katika almanaka ya mabaharia, sahihisho likawa na kosa, na sahihisho la sahihisho nalo likawa na kosa lake!

Katika mji huohuo wa Cambridge, karibu karne mbili baadaye, ndiko ilikozaliwa Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35, ili vijana wapate kompyuta rahisi ya kujifunzia kuandika programu. Ukubwa wake haukuzidi sana ule wa kadi ya benki. Haikuwa na kasha. Chipu na soketi zote zilikuwa wazi juu ya ubao, na kando yake zilisimama pini 26 za kuungia nyaya. Pini hizo zafanana kama punje za mtama, lakini moja hutoa volti 5, nyingine volti 3.3, na nyingine huitii programu yako. Ukipeleka volti 5 katika pini iliyofanywa kwa volti 3.3, waweza kuiua kompyuta mara moja. Basi mwenye ubao huu bila hati zake ni kama mgeni aliyeingia mji wenye milango mingi isiyo na nambari.

Hati kubwa ya chipu yake, BCM2835, ilikuwa na tarehe ya 6 Februari 2012 na kurasa 205. Iliandikwa na wajuzi, walakini ilijaa makosa. Nitakutajia moja, maana ukilifahamu hilo umefahamu mengi. Katika sehemu ya njia ya kupelekea habari iitwayo SPI, hati ilieleza namba ya kugawanyia mapigo ya saa ya ndani. Ilisema namba hiyo lazima ipatikane kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara kwa mara, yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kisha ikaongeza kwamba namba witiri hupunguzwa. Hebu simama hapo ufikiri. Ikiwa 6 na 10 zimekwisha kukatazwa, kuna haja gani ya kutaja witiri peke yake? Sentensi yenyewe ilikuwa inajishitaki. Ukweli ni kwamba namba yoyote shufwa yafaa. Saa ya ndani ilikuwa na mapigo milioni 250 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu mwenye kifaa kinachostahimili mapigo milioni 25 angeweza kugawanya kwa 10 akapata hasa alichotaka. Aliyeitii hati angeona 8 inazidisha kasi, akachukua 16, na kupoteza zaidi ya theluthi ya mwendo wake bila kujua.

Nani aliyasahihisha? Watumiaji wenyewe. Walijaribu, wakaona mashine haikubaliani na maandiko, wakakusanya makosa ukurasa kwa ukurasa katika orodha moja ya wazi kwenye intaneti. Nami nawaheshimu watu hao kuliko wengi wanaosifiwa.

Wakati mwingine mchoro huwa kweli, nao ndio unaoumbua mashine. Raspberry Pi 4 ilitoka tarehe 24 Juni 2019, ikipokea umeme kwa soketi ya USB-C. Kanuni ya soketi hiyo yataka pini mbili za utambuzi, kila moja na resista yake ya omu 5,100. Ubao huu ulizipa zote mbili resista moja. Kwa nyaya za kawaida hapakuwa na shida, lakini kwa waya wenye chipu ya utambulisho, chaja ilidhani imeungwa na kifaa cha sauti, ikakataa kutoa umeme. Mhandisi mmoja aliligundua kosa kwa kuusoma mchoro uliochapishwa. Eben Upton, mwanzilishi mmojawapo, alikiri mwezi Julai, na mbao za baadaye zikarekebishwa. Mchoro ungalifichwa, watu wangalizilaumu chaja zao kwa muda mrefu zaidi.

Hata kitabu kilichokuwa sahihi siku ya kuchapishwa huweza kupitwa. Mwezi Septemba 2012 ubao wa kwanza ulibadilishwa; toleo la pili lilipata matundu mawili ya skrubu, na pini chache zikabadilishwa kazi. Pini ya 13, iliyokuwa ikitii namba 21, sasa ikatii 27.

Jambo hilo mimi nililipia aibu. Katika chuo ninachofundisha, mwanafunzi mmoja wa ualimu aliunga taa ndogo kwenye pini ya 13, akaiamuru kwa namba 21 kama kijitabu chetu kilivyosema. Taa haikuwaka. Tulibadilisha taa, waya, hata resista. Saa mbili zikapita, nami nikamkemea mbele ya wenzake kwamba mikono yake haina uangalifu. Yeye hakunijibu. Aliugeuza ubao, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona huu una matundu mawili, na wa kitabuni hauna?"

Nilimwomba radhi mbele ya haohao walionisikia nikimkemea. Taa ilipokwisha kuwaka, alichukua penseli, akakata namba 21 katika kijitabu, na pembeni akaandika: "27, kwa ubao wenye matundu."