Historia ya Mchezo Usiofika Mjimwema

Wanaoandika historia ya michezo ya kompyuta aghalabu huanza pale palipokuwa na mashine, wakaifuata mpaka kizazi chake kilipokwisha. Na kwa desturi hiyo Mjimwema, kata ya mji wa Songea katika nyanda za juu za Ruvuma, haistahili hata sentensi moja, kwani katika miaka ile ambayo michezo ya kale ya kuvaa uhusika ilizaliwa na kushamiri, takriban baina ya 1975 na 1987, kompyuta ya nyumbani haikuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba za mji huu. Walakini kukosekana kwa kitu nako kuna tarehe zake na sababu zake, na mtu akizifuata kwa utulivu huenda akafahamu habari za kitu chenyewe kuliko yule aliyekikuta mezani kwake asiulize kimefikaje.

Asili ya michezo hiyo si mashine bali ni karatasi na dadu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo watu huketi pamoja, kila mmoja akajivika nafsi ya shujaa, mchawi au mwizi, akaandikiwa kwa tarakimu kiasi cha nguvu zake, akili zake na uhai wake, ilhali mwenzao mmoja huwa msimulizi wa kuwaeleza wanachokiona wanaposhuka katika mahandaki yenye hazina na mazimwi, na dadu ndiyo inayohukumu nani kapiga na nani kafa. Haikupita miaka miwili ila vijana wa Chuo Kikuu cha Illinois, waliokuwa na ruhusa ya kuutumia mtambo mkubwa wa masomo ulioitwa PLATO, walikuwa wamekwisha kuuhamishia mchezo huo ndani ya kompyuta. Na Rusty Rutherford, mmoja wao, aliuficha wake chini ya jina kavu la pedit5 ili udhaniwe kuwa ni jalada la kazi, na wasimamizi kila walipougundua waliufuta.

Mzee wa Songea akisimuliwa habari hizi hatastaajabu kwamba watu wazima hujivika vyeo wasivyokuwa navyo. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya mwambao mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara kwa vyama vyake vya Arinoti na Marini, ilikuwa na majemadari wake, madaktari wake na wafalme wake, wenye sare na taadhima na amri za kutiiwa, ijapokuwa jemadari wa jioni alikuwa karani au mpishi wa mchana. Na mganda, ulio mtoto wa ngoma hiyo katika nchi za Ziwa Nyasa, ungali unachezwa mkoani Ruvuma kwa safu zilizonyooka kama za gwaride. Seuze hadithi za usiku, ambazo msimulizi hawezi kuziendesha mpaka wasikilizaji wamjibu, nao wakashika nafasi zao katika kisa. Kwa hiyo ari ya kuvaa uhusika haikuwa ngeni huku kwetu. Kilichokuwa kigeni ni chombo.

Chombo chenyewe kilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1977, zilipotoka kwa pamoja Apple II, Commodore PET na TRS-80, nazo zilikuwa mashine fukara kupita kiasi mtu wa leo anachoweza kukidhania. Kumbukumbu ya TRS-80 iliyotumiwa kwa michezo hii aghalabu ilikuwa kilobaiti 16, yaani nafasi ya herufi 16,384, zisizotosha kurasa kumi za kitabu, na ndani ya nafasi hiyo mtungaji alitakiwa kuweka mahandaki, mazimwi, silaha, kanuni za vita na kisa chenyewe. Ustadi wa mafundi wa zama zile ulikuwa katika kuamua nini kiachwe nje ya mashine.

Mfano ulio bora kwangu ni Temple of Apshai ya 1979, kazi ya Jon Freeman na Jim Connelley, ambayo leo hutajwa na wachache. Katika mchezo huo skrini huonyesha mistari mikavu ya kuta za chumba na namba ya chumba hicho, bila maelezo ya chumba chenyewe. Mchezaji huchukua kitabu kilichouzwa pamoja na kaseti, akaitafuta namba ile, akasoma kwa nathari nzuri jinsi chumba kilivyo na vilivyomo ndani yake, kisha akarejea kwenye skrini akiwa sasa anaziona kuta zilezile kwa jicho jingine. Na kwa kuwa toleo la kaseti halikuweza kuhifadhi hali ya shujaa, mchezaji alipokwisha kucheza aliandika kwenye karatasi nguvu zake, silaha zake na mali yake, na siku ya pili akaziingiza upya kwa vidole vyake. Hapakuwa na hakimu wa kuhakiki kama amejiongezea dhahabu usiku, isipokuwa dhamiri yake mwenyewe.

Kabla ya huo, mwaka 1978, Don Worth alikuwa ametoa Beneath Apple Manor, ambao badala ya kuhifadhi ramani uliibuni ramani mpya kila ulipochezwa, kwa sababu kanuni ya kujenga vyumba huhitaji nafasi ndogo kuliko vyumba vyenyewe. Richard Garriott, kijana wa Texas, alitunga Akalabeth mwaka 1979 angali katika umri wa shule, akauuza kwanza katika mifuko ya plastiki kwenye duka la kompyuta alikofanya kazi. Na katika mchezo huo adui wa mwanzo si zimwi bali ni njaa, maana kila hatua hupunguza chakula, na shujaa asiyepima akiba yake hufa kabla hajauona mlango wa handaki, jambo ambalo msomaji wa Ruvuma, mkoa wa wakulima wa mahindi, atalikubali bila ya kuhitaji ufafanuzi. Wizardry, wa Andrew Greenberg na Robert Woodhead, ulitoka 1981 ukiwa na ghorofa kumi za chini ya ardhi, kila moja ya miraba 20 kwa 20, na mchezaji hakuonyeshwa ramani yoyote. Aliichora mwenyewe kwa penseli juu ya karatasi ya grafu, la sivyo alipotea.

Uingereza, ambako mashine zilikuwa rahisi zaidi kwa bei, ZX81 iliuzwa mwaka 1981 na kilobaiti moja tu ya kumbukumbu, na ZX Spectrum ya mwaka uliofuata ikafika 48. Na michezo ya mashine hizo ilikaa katika kaseti za kawaida, zikichezwa kwa kinasa sauti cha kawaida, au ilichapwa katika majarida mstari kwa mstari ili msomaji aiandike mwenyewe. Hapa ndipo ukaribu na umbali hukutana kwa namna ya ajabu, kwani redio kaseti zilikuwepo Songea miaka hiyohiyo, zikiimba muziki wa dansi kwa nguvu za betri. Na ukanda uleule wa sumaku uliobeba gitaa huku, kule ulibeba mahandaki.

Sababu za umbali huo hazikuwa fumbo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini matatizo yaliyofuata, pamoja na gharama zake kwa fedha za kigeni, yaliifanya serikali itoe amri mwaka 1974 ya kuzuia kuingizwa kwa kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Hivyo mwaka uleule ambao mchezo ulichapishwa huko Marekani, mlango wa mashine ulifungwa hapa. Jambo la pili ni kwamba kompyuta nyingi za nyumbani zilikuja bila skrini, zikatumia televisheni ya sebuleni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, ijapokuwa Zanzibar ilikwisha kuanza tangu miaka ya sabini. Tena hata mtu angejaliwa vyote viwili, Songea iliwashwa hasa kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa, hadi njia ya umeme kutoka Makambako ilipokamilika mwaka 2018. Na mchezo ambao huchukua wiki nyingi kuumaliza hauwezi kuota mizizi pale ambapo umeme huondoka bila ya kuaga.

Mashine za michezo zilipoingia katika miji yetu katika miaka ya tisini, biashara ilipokuwa imefunguliwa, hazikuwa kompyuta hizo bali zilikuwa nakala za Asia za Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983, na baadaye PlayStation za mabanda ya gemu. Ajabu ni kwamba Famicom huko Japani ndiyo iliyoupa umaarufu mchezo wa kuvaa uhusika kwa Dragon Quest ya 1986, ambayo mtungaji wake Yuji Horii alikuwa mpenzi wa Wizardry. Lakini mchezo wa namna hiyo hutaka kusomwa na kuendelezwa kwa siku nyingi, ilhali banda hutoza kwa muda na wateja hungoja zamu, basi mpira na ngumi vikapata soko, na mahandaki yakapitwa kwa mara ya pili.

Leo sheria imekwisha kuondoka na umeme umefika, na simu ya bei nafuu aliyonayo kijana wa Mjimwema yaweza kubeba michezo yote niliyoitaja na nafasi ikabaki. Kizuizi kilichosalia ni lugha, kwa kuwa michezo hiyo husema Kiingereza au Kijapani, na mchezo ambao nusu yake ni maneno haufurahishi kwa asiyeyafahamu maneno hayo. Lakini ufukara ule wa kilobaiti 16, uliowalazimisha watungaji kuyapima maneno yao kwa mizani ya sonara, umeacha kazi zenye maandishi machache mno: kijitabu kimoja cha maelezo ya vyumba, orodha ya silaha, majina ya mazimwi, na sentensi fupi za skrini. Filamu za Marekani na Asia, zenye maneno mengi kuliko hayo, zilipata wafasiri wao katika mabanda ya video ya nchi hii. Na kijitabu cha Apshai si kirefu kiasi cha kumshinda mwalimu mmoja wa sekondari ya Songea katika likizo yake ya Desemba.