Siki ya tembo

Siki ya tembo ni siki itokanayo na tembo, yaani utomvu wa mnazi, na ijulikanayo pwani ya Afrika Mashariki, Goa na Ufilipino. Mgema hukata kwa kotama ncha ya karara ambalo halijapasuka, hutundika kibuyu, kisha huuchonga upya mkato huo asubuhi na jioni. Utomvu huanza kuchacha ungali juu mnazini: hamira za hewani hugeuza sukari kuwa alkoholi, na katika muda wa siku moja tembo tamu huwa kali. Hapo wanywaji na watengeneza siki huachana njia. Tembo la siki huwekwa kwenye mtungi wa mdomo mpana uliofunikwa kitambaa, kwa sababu bakteria wa jenasi ya Acetobacter huhitaji hewa ili kugeuza alkoholi kuwa asidi asetiki. Chupa iliyozibwa haizai siki. Kazi huchukua wiki kadhaa. Siki hiyo hutiwa kwenye achari, na huko Goa kwenye mchuzi wa vindaloo. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea Uswahilini, tembo lililogeuka siki lenyewe ni halali. Lililogeuzwa kwa kutiwa kitu si halali.