Vazi Bila Barakoa: Taswira ya Salme binti Said na Suala la Ushahidi

Uchoraji wa watu mashuhuri kwa rangi za mafuta, uliostawi Ulaya na Marekani katika karne ya 19, uliwagusa Wazanzibari wachache. Mwaka 1840 Edward Mooney alimchora mjini New York Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said bin Sultan, aliyewasili huko kwa merikebu ya Sultana. Katika kizazi kilichofuata kamera ilishika nafasi ya brashi, ila kanuni za uchoraji huo zilibaki: vazi la heshima, mkao uliopangwa na jina la mhusika.

Mfano mashuhuri ni picha ya Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Alitoroka Zanzibar mwaka 1866. Mwaka uliofuata alibatizwa Aden, akaolewa na Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg. Huko alipigwa picha akiwa katika mavazi na vito vya kwao. Picha hiyo hutumiwa mara nyingi kama ushahidi wa maisha ya jumba la kifalme. Usomaji huo una kasoro. Mwanamke wa tabaka lake hakuonekana na wanaume wa kando bila barakoa, ilhali pichani uso wake u wazi. Vazi ni la Unguja. Mtazamaji ni wa Hamburg. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zina mwelekeo huohuo: humfafanulia mgeni desturi ambazo Mzanzibari hakuhitaji kufafanuliwa.

Hata hivyo, Salme ana jina na maandishi yanayoweza kulinganishwa na picha yake. Wakazi wa Ng'ambo, iliko Mlandege, hawakuwa na bahati hiyo. Katika postikadi za studio za Mji Mkongwe, kama ile ya A. C. Gomes, wanawake wengi walitambulishwa kwa kabila au kazi tu. Binti wa sultani alibaki mtu. Wao wakafanywa vielelezo.

Chumba kimoja cha Makumbusho ya Kasri kilitengwa kwa ajili ya Salme. Kurejea huko kwa taswira yake hakuifanyi kuwa kioo cha kasri. Inashuhudia zaidi jinsi mhamiaji alivyojieleza ugenini, na thamani yake ya kihistoria imo humo.