Mgeni Mbele ya Hukumu ya Kifo: Historia ya Haki ya Kumwona Konseli

Aprili 14, 1998, Ángel Francisco Breard, raia wa Paraguay, aliuawa kwa sindano ya sumu katika jimbo la Virginia, Marekani. Kosa lake la mauaji halikuwa na utata, kwani mwenyewe alikiri mahakamani. Hata hivyo, siku 5 kabla ya hapo, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague walikuwa wameamuru kwa kauli moja kwamba Marekani ifanye kila iwezalo asiuawe mpaka kesi iliyofunguliwa na Paraguay isikilizwe. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, alimwandikia gavana wa Virginia kumwomba aahirishe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuingilia kati, gavana naye akakataa, na hukumu ikatekelezwa usiku uleule.

Paraguay haikwenda The Hague kudai kwamba mtu wake hana hatia. Ilikwenda kulalamika kwamba tangu alipokamatwa mwaka 1992, hakuna ofisa yeyote aliyemweleza kuwa ana haki ya kuwasiliana na konseli, ofisa wa nchi yake anayewahudumia raia walio ugenini. Kwa maelezo ya Paraguay, upande wa mashtaka ulikuwa tayari kuiacha adhabu ya kifo iwapo Breard angekubali kosa kabla ya kesi kusikilizwa. Alikataa, kisha akapanda kizimbani na kukiri yote, akitumaini kwamba raia walioketi kuamua kesi yake wangemhurumia. Mtu wa kwao, anayejua sheria za nchi zote mbili, angeweza kumkanya. Lakini ubalozi ulipata habari zake mwaka 1996, kesi ikiwa imekwisha zamani.

Haki aliyonyimwa ina asili ya mbali, na kipande kimoja cha historia yake kiko Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, akafika kuwa konseli wa kwanza wa Marekani kisiwani. Mkataba ule ulisema kwamba Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi ni konseli wao peke yake. Uingereza ilipata mkataba wake mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844. Utaratibu wa namna hiyo ulikuwa umezoeleka kwa karne kadhaa katika miji ya Dola ya Uthmaniya. Mzungu aliyeshuka bandarini alikuja na sheria ya kwao, na konseli ndiye aliyekuwa hakimu wake. Haki hiyo ilifuata nguvu: ilimkinga raia wa dola kubwa dhidi ya mahakama za wenyeji, na wenyeji hawakupewa kinga kama hiyo ng'ambo.

Karne ya 20 iliuondoa utaratibu huo. Mataifa yaliyokuwa yakijipatia uhuru Asia na Afrika yasingekubali mgeni awe juu ya mahakama zao. Ndipo Aprili 1963 wajumbe waliokutana Vienna wakaafikiana juu ya Mkataba wa Mahusiano ya Kikonseli. Ibara yake ya 36 iliweka mizani mpya. Mgeni atahukumiwa kwa sheria ya nchi aliyomo, lakini hataachwa peke yake. Akikamatwa, lazima aelezwe bila kuchelewa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake uarifiwe. Akiomba, lazima uarifiwe. Konseli ana haki ya kumtembelea gerezani, kuzungumza naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Kutoka hakimu, konseli akageuka kuwa mtetezi.

Marekani iliridhia mkataba huo mwaka 1969, na miaka 10 baadaye ikauhitaji. Wairani walipouvamia ubalozi wake mjini Tehran Novemba 1979 na kuwashika watumishi wake mateka, Marekani ilikimbilia The Hague. Mkataba wa 1963, pamoja na itifaki inayoruhusu nchi kushtakiana chini yake, ulikuwa miongoni mwa silaha zake za kisheria. Ilishinda kesi hiyo Mei 1980. Kwa hiyo thamani ya ibara hizi haikuwa siri Washington.

Arizona haikuijali. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa huko mwaka 1982 baada ya jaribio la kuiba benki lililogharimu maisha ya mtu. Walikuwa wamehamia Marekani wakiwa watoto wadogo, na hakuna aliyewaeleza haki yao. Walikuja kuijua kutoka kwa watu wengine, na mwaka 1992 wakawasiliana wenyewe na ubalozi wa Ujerumani. Walipoifikisha hoja hiyo mahakamani walijibiwa kwamba wamechelewa, kwa kuwa suala ambalo halikuibuliwa mwanzoni mwa kesi haliwezi kuibuliwa kwenye rufaa za baadaye. Wangewezaje kuibua haki ambayo hawakuijua, kwa sababu serikali iliyopaswa kuwaambia ilinyamaza? Karl aliuawa Februari 24, 1999. Walter alifuata Machi 3, katika chumba cha gesi, siku ileile The Hague ilipotoa amri ya kumnusuru.

Ujerumani haikuiacha kesi hiyo ife pamoja nao. Juni 2001 mahakama iliamua mambo mawili ambayo hadi leo ni nguzo ya sheria hii: kwamba Ibara ya 36 inampa mfungwa mwenyewe haki, wala si serikali yake tu, na kwamba amri za muda za mahakama hiyo zina nguvu ya kisheria, si maombi ya hisani.

Kisha ikaja Mexico, nchi yenye raia wengi waliosubiri kifo katika magereza ya Marekani. Mwaka 2000 ilianzisha mpango wa kuwatafutia raia hao mawakili wenye ujuzi wa kesi za namna hiyo. Mwaka 2003 ikaishtaki Marekani, na Machi 2004 The Hague ikatamka kwamba Wamexico 51 hawakuelezwa haki yao na kwamba mahakama za Marekani zipitie upya hukumu zao. Oklahoma ilisikia: gavana Brad Henry alibadili hukumu ya mmoja wao kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2005 Rais George W. Bush aliziagiza mahakama za majimbo zitii uamuzi huo, lakini siku chache baadaye serikali yake ikajitoa katika itifaki iliyoiwezesha Mexico kushtaki.

Texas ilikataa agizo la rais. Machi 2008 Mahakama ya Juu ikaipa haki kwa kura 6 dhidi ya 3: uamuzi wa The Hague unaifunga Marekani mbele ya mataifa, lakini hauwi sheria ya ndani mpaka Bunge litunge sheria. Bunge halikutunga. José Medellín, mmoja wa Wamexico wale 51, aliuawa Agosti 5, 2008, kwa mauaji ya wasichana wawili mjini Houston. Texas iliwaua wengine wa orodha ile kati ya mwaka 2011 na 2018. Uchungu wa familia za waliouawa na watu hawa ni wa kweli, na hakuna anayepaswa kuupuuza. Lakini kupitia upya kesi hakumfungulii muuaji mlango wa gereza. Kunaipa mahakama nafasi ya kupima kama hukumu isiyoweza kurudishwa ilifikiwa kwa haki.

Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya Marekani peke yake. Mwaka 2010 mahakama iliikuta Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kosa la kutomweleza haki hiyo Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara kutoka Guinea aliyewekwa kizuizini na kufukuzwa nchini, na mwaka 2012 ikaamuru Guinea ilipwe dola 95,000. Julai 2019, Msomali Abdulqawi Ahmed Yusuf akiwa rais wa mahakama hiyo, Pakistan iliamriwa kupitia upya hukumu ya kifo ya Kulbhushan Jadhav, raia wa India aliyenyimwa konseli.

Kwetu jambo hili liko karibu. Aprili 2015 Saudi Arabia iliwaua wafanyakazi wa ndani wawili wa Indonesia, na Jakarta ikalalamika kwamba haikuarifiwa. Julai 2025 Mkenya aliyekaa gerezani nchini humo kwa zaidi ya miaka 10, chini ya hukumu ya kifo, aliachiwa baada ya diya, yaani fidia kwa familia ya aliyeuawa, kulipwa, na baada ya serikali yake kumwombea kwa muda mrefu. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki wanaendelea kwenda Ghuba kutafuta riziki. Anayeondoka aondoke na namba ya simu ya ubalozi wake, na akikamatwa aombe konseli kabla ya kutia saini karatasi yoyote. Jamaa waliobaki nyumbani wakipata habari, waiarifu Wizara ya Mambo ya Nje siku hiyohiyo. Na serikali zetu zizipe balozi wakalimani, mawakili na fedha za kazi hiyo, nazo ziwatendee vivyo hivyo wageni waliomo katika mahabusu zao.